Kurasa Nilizoziruka Makote

Jumatatu, 1 Julai 2024. Masasi.

Nimesikia redioni nikifungua duka. Tarehe ishirini, Newala, maonyesho ya wakusanya vitabu wa kusini. Mshindi atapewa kabati la mninga lenye milango ya vioo, na jina lake litasomwa hewani. Kabati la mninga! Vitabu vyangu vinaishi kwenye maboksi ya sabuni.

Mtangazaji akaongeza kwamba anayetazamiwa kushinda ni Mzee Cuthbert wa Newala, karani mstaafu. Nikazima redio. Cuthbert huyu ndiye aliyenipokonya vitabu vya misheni mwaka juzi, kwa kumnong'oneza muuzaji kwamba mimi huvichana kufungia karanga. Uongo mtupu. Karanga nafungia magazeti.

Nina vitabu mia tatu na ushee, vyote nimevivika nailoni. Mke wangu Rahima ameniuliza tena, kwa upole, ni lini nitafungua kimoja. Nimemweleza tena kwamba kitabu kikishafunguliwa hupoteza thamani. Akasema basi na chakula cha mchana nisikifunue. Nilikifunua. Wali na kunde.

Alasiri akaja Silvesta, nesi wa kijiji cha Makote, Newala, kutoa kopi. Akanihadithia kwamba marehemu Mwalimu Barnaba ameacha nyumba iliyojaa vitabu, na mjane wake anavigawa bure. Kuna sharti fulani. Neno "bure" nililisikia vizuri. Mengine sikuyashika sana.

Jumatano, 3 Julai. Newala.

Basi la asubuhi. Chumba gesti, karibu na stendi. Kisha bodaboda hadi Makote. Dereva anaitwa Yunusi, baba wa watoto wanne, mtu wa maneno machache. Njia nzima mikorosho imepuliziwa salfa, dawa ya magonjwa yake, majani yamepauka, hakuna ndege anayelia. Ukungu ulikuwa chini ya miti, mahali ambapo ng'ombe hulala.

Nyumba ni ya mwisho, kabla ardhi haijaporomoka kuelekea bondeni. Mjane anaitwa Mama Fortunatus. Macho yake yameingia mtoto wa jicho. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akauliza mimi ni baba nani. Baba Furaha, nikasema. Akanikaribisha ndani.

Vitabu! Ukuta hadi ukuta. Majalada ambayo nilidhani yameshaliwa na mchwa nchi nzima, hapa yanang'aa.

Katikati ya chumba kuna kiti chenye mikono. Juu yake blanketi la kijivu. Pembeni kimeza, na kikombe cha chai inayofuka. Nikataka kukaa. Mama Fortunatus akanizuia kwa mkono, ingawa sidhani kama aliniona. Akasema hicho ni cha Mwalimu. Nikasema kwa adabu kwamba nilisikia Mwalimu ameshafariki. Akakubali. Mwaka jana, wakati wa mvua.

Sharti ni hili. Mwalimu alipofuka miaka ya mwisho, yeye ndiye aliyekuwa akimsomea kila alasiri. Sasa macho yake naye yanakwenda. Kwa hiyo anayekuja na kusoma kitabu kwa sauti, mwanzo hadi mwisho, anaondoka nacho. Onyo lilikuwa moja tu.

"Mwalimu hapendi kurukwa," alisema.

Hapendi. Si hakupenda. Nililisikia hilo. Nikaamua kwamba ulimi umemteleza.

Nilianza na chembamba kuliko vyote, kijitabu cha ufugaji wa nyuki. Yeye alikuwa akikata majani ya kunde. Nilisoma mpaka ukungu ukaingia dirishani na kukaa nasi. Nilipomaliza, chai ilikuwa imefika nusu ya kikombe. Sikumwona mtu akiinywa.

Mvuke, nadhani. Chai huisha kwa mvuke.

Alhamisi, 4 Julai.

Nimepiga hesabu. Kwa mwendo wa nyuki nitafika kwenye maonyesho na vijitabu viwili. Inabidi kutumia akili.

Leo nimechukua riwaya iitwayo Mgeni wa Alasiri. Toleo la kwanza, na karatasi yake ya juu haijachanika. Cuthbert ameitafuta tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Nilipotaja jina la kitabu, Mama Fortunatus aliweka kisu chini akanyoosha kitambaa cha kichwa, kama mtu aliyefikiwa na wageni wa heshima. Nikaanza. Nilisoma vizuri, nakiri, hata sauti za wanawake niliziweza. Katikati nikapitisha kidole chini ya fungu nene la kurasa na kuligeuza lote. Laini. Sauti haikutetereka.

Kisu kikasimama.

Mama Fortunatus akakigeukia kiti. Akainamisha kichwa upande, kama unavyomsikiliza mtu anayesema chini chini. Akatikisa kichwa kukubali.

"Amesema haina neno," akaniambia. "Utazisikia njiani."

Nikauliza nitasikia nini. Akarudia kukata majani yaliyokwisha kukatwa.

Nilipomaliza akanipa kitabu. Nikapanda pikipiki ya Yunusi nikiwa nacho kifuani. Katikati ya mikorosho Yunusi akasimama, akazima injini, na bila kugeuka akasema, taratibu, kama mtu anayesoma: "Aliyemfungulia mlango hakumwona akiingia."

Kisha akawasha, tukaondoka. Nilimuuliza amesema nini. Akasema hajasema kitu, alisimama kwa sababu ya plagi.

Gesti nikafungua mahali niliporuka. Mstari wa kwanza haupo. Haukufutwa, hauna alama, ni weupe tu. Unaofuata unasema: Viatu vya mgeni vilikuwa vikavu, ingawa mvua haikukatika tangu alfajiri. Mistari mingine ipo, lakini nikiikazia macho inatetema kama maandishi yaliyo chini ya maji.

Nimekiweka kitabu chini ya mto. Nimekitoa chini ya mto. Sasa kiko juu ya kabati la nguo, na mgongo wake umegeukia ukuta.

Ijumaa, 5 Julai.

Asubuhi nilikwenda kula ming'oko, mizizi ya porini ya kuchemsha, kwa Esha, nje ya stendi. Akanipa sahani, akanisogezea pilipili, akasema: "Viatu vya mgeni vilikuwa vikavu, ingawa mvua haikukatika tangu alfajiri." Halafu akaniuliza kama chumvi inatosha.

Nikarudi gesti mbio. Mstari wa pili haupo.

Kitabu kinaliwa! Toleo la kwanza, linaliwa na vinywa vya watu! Likibaki jeupe nitaonyesha nini tarehe ishirini? Nikafanya uamuzi wa haraka: nisionane na mtu. Nikajifungia. Mama anayefagia akapita na ufagio wake, akasema mstari wa tatu kwenye tundu la ufunguo. Mgeni wa chumba cha pili akakohoa, akasema wa nne ukutani.

Na lililo baya kuliko yote ni kwamba nilitaka kuujua wa tano.

Mambo yako hivi. Kuna nyumba, ndani yake mgonjwa hawezi kuinuka. Mgeni ameingia bila kuonekana na yeyote isipokuwa mgonjwa. Hajasema anataka nini. Mtu hawezi kuachwa hapo! Nikarudi kwa Esha. Nimekula sahani tatu za ming'oko nikimtazama mdomo. Alitoa mistari miwili, kisha akaniuliza kwa ukali kama nina shida. Akafunga genge.

Rahima amepiga simu kuuliza nitarudi lini. Katikati ya habari za duka akashusha sauti na kunipa mstari mzima, mzuri ajabu, kuhusu mkono wa mgonjwa ulivyokuwa baridi. Nikamwomba aurudie. Akauliza kuurudia nini, na kama huku Newala nimeoa.

Jumamosi, 6 Julai.

Cuthbert ameniona sokoni na kunialika kwake. Kwa ukarimu kabisa, jambo ambalo lingenishtua siku nyingine yoyote. Alikuwa na pamba masikioni. Akasema ni kwa sababu ya upepo unaopanda kutoka Shimo la Mungu, lile bonde la kando ya mji.

Chumba chake cha vitabu kina rafu za kuagizwa kwa fundi, na kila kitabu kina muhuri wa jina lake. Akaanza kujigamba kuhusu rafu ya juu. Ghafla sauti ikashuka, macho yakatulia.

"Mgeni hakuomba chakula," alisema. "Aliomba kiti kisogezwe karibu na mgonjwa."

Nikamwambia aendelee. Akauliza aendelee na nini. Nikafungua mdomo ili nisifie muhuri wake, na kilichotoka ni hiki: "Ubwiri unga huanza chini ya jani, pale ambapo mkulima mvivu hatazami."

Mimi sina hata mkorosho mmoja wa kuugua ubwiri. Baba yangu alikuwa fundi cherehani.

Cuthbert alikaa chini polepole. Akatoa pamba, sikio la kulia, kisha la kushoto. Akauliza, Makote? Nikasema Makote. Akanionyesha kitabu chake, Mkorosho na Maadui Zake, toleo la zamani sana. Sura sita nyeupe kama unga wa muhogo. Aliziruka kwa sababu alikuwa na miadi. Tangu hapo, alisema, hata muadhini amewahi kumpa aya kuhusu vidung'ata wanaonyonya majani, akiwa amesimama tu kununua vocha.

Tulikaa pale mpaka jua likageuka. Kila mmoja na kitabu cha mwenzake kinywani. Sikuwahi kukaa na Cuthbert muda mrefu hivyo bila kutukanana. Yeye alinipa karibu ukurasa mzima wa mgeni. Mimi nilimpa dawa tatu za ubwiri na namna ya kupogoa.

Yeye ana mpango: vitabu vikae nyuma ya kioo, majaji watazame migongo tu. Mimi ninao bora. Jumatatu narudi Makote kusema kitabu kina hitilafu ya uchapaji, nibadilishiwe.

Jumatatu, 8 Julai.

Naandika nikiwa gesti.

Nilifika na maneno yangu tayari. Uchapaji, wino hafifu, hali ya hewa. Sikupata nafasi. Kabla sijakaa, Mama Fortunatus aliniuliza nimefika wapi.

Nikausahau uongo wangu. Nikasema mgeni amekaa karibu na mgonjwa, amemshika mkono.

Akaweka kisu chini. Akanieleza kwamba Mwalimu alikufa ndani ya kitabu kile. Yeye Mama ndiye aliyekuwa akimsomea. Alifika pale pale, mgeni anapogonga mlango, akasikia pumzi ya mumewe imekatika. Akaimalizia sentensi, maana Mwalimu hakupenda kukatwa, kisha akafunga. Tangu siku hiyo hakuweza kuufungua ukurasa ule. Wamekuja watu wengi, wamechukua vitabu vingine. Siku nilipokichukua kile rafuni alishukuru Mungu kwamba amepatikana mtu wa kumvusha.

"Nawe ukaruka pale pale," alisema.

Hakusema kwa hasira. Ningependelea hasira.

Nikauliza nifanye nini, kurasa ni nyeupe. Akasema nisimulie kama nilivyosikia. Nikasimulia. Ya Yunusi, ya Esha, ya ufagio, ya ukutani, ya Rahima, ya Cuthbert, kwa mpangilio wake. Sikuongeza kitu, ingawa kuna mahali ningeweza kupaboresha. Nilipoangusha macho, herufi zilikuwa zikirudi kwenye karatasi, mstari kwa mstari, nyuma ya sauti yangu. Ukungu ulikuwa umejaa chumbani kiasi kwamba kiti nilikiona kama kivuli. Blanketi lilikuwa limebonyea katikati.

Nikaishiwa. Mengine sikuwa nimeyasikia. Lakini mistari iliyobaki ilikuwa imetulia, haitetemi tena. Nikaisoma.

Mgeni akamwuliza mgonjwa kama amechoka. Mgonjwa akasema hajachoka, ila angependa kujua hadithi inaishaje. Mgeni akainuka, bado amemshika mkono. Akasema, twende, nitakusimulia njiani.

Blanketi likainuka taratibu, kama linavyoinuka mtu anapojikusanya kusimama. Mlango ukafunguka, na hapakuwa na upepo. Ukungu ukatoka. Nimeishi karibu na uwanda huu maisha yangu yote na sijawahi kuona ukungu ukitoka ndani ya nyumba, kwa mwendo wa mtu mzima, na kuteremka bondeni.

"Nenda salama, Mwalimu," Mama Fortunatus alisema, kama unavyomuaga mtu anayekwenda dukani. Kisha akachukua kikombe, akaimwaga chai nje.

Alilia kidogo. Mimi pia. Akasema sasa hana mtu wa kumsomea wala macho ya kusoma, na kama ningekuja Jumatano, si lazima kila wiki, angefurahi. Niliahidi kwa moyo wangu wote. Nikasubiri muda wa heshima, kisha nikauliza kama naweza kuondoka na kamusi pia.

Njiani Yunusi aliuliza kama ni salfa imeniingia machoni. Nikasema ni salfa.

Jumamosi, 20 Julai. Newala.

Maonyesho. Ukumbi umejaa. Mimi na maboksi yangu, vitabu vyote ndani ya nailoni, na Mgeni wa Alasiri mbele kabisa kwenye kitambaa chekundu.

Jaji alikuwa Bi Faidha, mkutubi kutoka Mtwara. Hakutazama migongo. Alimwomba kila mmoja achague kitabu chake kimoja na kukisimulia. Nilisimulia Mgeni wa Alasiri. Mwanamke mmoja safu ya mbele alishika mkono wa mumewe. Nilipofika mlangoni, na mgeni akisema twende, hakuna aliyekohoa. Nakiri nilisikia utamu ambao sikuwahi kuupata kwenye nailoni. Nikamwona Rahima kule nyuma, amekuja na basi bila kuniambia, ameweka kiganja mdomoni.

Bi Faidha alifurahi sana, akachagua cha pili mwenyewe. Kilikuwa kimefungwa tangu nilipokinunua. Nikasema ni kisa cha mapenzi kati ya watoto wa koo mbili. Akachana nailoni. Ni cha kuchimba visima.

Cuthbert amekuwa wa pili. Vitabu vyake havikufunguliwa hata kimoja, maana alizungumza kuhusu ubwiri unga kwa ufasaha hadi wakulima wakasimama kumpigia makofi. Maneno yale yalitoka kinywani mwangu! Mshindi ni mama mmoja wa Nanganga aliyekuja na kapu la vitabu vilivyochakaa, vimeingia madoa ya mafuta, na anavijua vyote.

Rahima amesema tukifika nyumbani nimsimulie tena kile cha mgeni. Nimekubali. Hajasema neno kuhusu visima.

Jumatano, 24 Julai. Newala.

Nimetafakari mambo yote haya kwa utulivu. Nimeona kosa langu lilikuwa wapi.

Kosa ni kusoma. Nimechosha macho bure! Kurasa unazozisoma zinakutoa jasho. Kurasa unazoziruka zinaletwa na watu mpaka mezani, umekaa, unakula. Halafu unakwenda Makote, unasimulia, maandishi yanarudi, kitabu ni kizima. Mtu akiruka kitabu chote atakuwa amekisoma chote bila kukifungua. Nailoni haiguswi! Kwa nini hakuna aliyeligundua hili kabla yangu?

Leo nikaenda kwa Mama Fortunatus kama nilivyoahidi. Sasa yeye ndiye anayekaa kwenye kiti, blanketi magotini, chai kando. Alikuwa amenichagulia kitabu. Kinene. Kinaitwa Mji Usiosikika. Nilisoma jina kwa sauti nzuri, nikageuza kurasa zote kwa mkupuo, nikasoma mstari wa mwisho: na hapakubaki hata mmoja wa kumwita kwa jina lake. Nikafunga.

Alikuwa amefumba macho. Nilidhani amelala.

"Vyote, Baba Furaha?" aliuliza.

Nikasema vyote. Akavuta blanketi mpaka kidevuni. Akasema haina neno.

Yunusi amenirudisha Newala. Hakusimama popote, hakusema kitu, hata nauli hakuitaja. Hakuna shida, nikasema, Esha ataanza. Esha amenipa sahani bila salamu. Stendi imejaa, makondakta wanafungua na kufumba midomo juu ya milango ya mabasi. Pikipiki zinapita. Nimedondosha kijiko juu ya sahani na sijakisikia.

Nimempigia Rahima. Amepokea. Nimesema haloo, kisha nimesema mimi Baba Furaha, kisha nimesema Anwari. Naona sekunde zinahesabika kwenye kioo cha simu, lakini sisikii hata pumzi yake.

Vipo vitabu vya namna hiyo, vinaanza polepole. Nimeagiza sahani ya pili kwa kidole, nasubiri. Kesho nitakwenda kumwomba Mama Fortunatus rafu nzima.